Mkono na Nanga Kabla ya Shabaha

Utangulizi

Mwalimu anayewafundisha watoto kutumia upinde hukabiliwa na kishawishi kikubwa tangu siku ya kwanza. Kishawishi hicho ni kusimamisha shabaha, kumpa mtoto mshale, na kungoja kuona utachoma wapi. Shabaha ina rangi, ina maduara yenye alama, na watoto huishangilia. Maoni yangu, ambayo nakusudia kuyatetea katika makala haya, ni kwamba shabaha haifai kuwamo katika somo la kwanza, wala la pili, na pengine hata la tano. Yafaa yafundishwe kwanza mambo mawili: jinsi mkono mmoja unavyoukaa upinde, na mahali usoni ambapo mkono wa pili hutia nanga baada ya kuuvuta upote. Mtoto asiyeyapata mambo haya mawili hawezi kuokolewa na shabaha. Aliyekwisha kuyapata, shabaha haitamchukua muda mrefu.

Huenda mwanachuo akauliza jambo hili linamhusu nini yeye anayejiandaa kufundisha darasa la kwanza au la nne. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, upinde umekwisha kuwa somo la shule katika nchi nyingine. Mwaka 2002 jimbo la Kentucky, nchini Marekani, lilianzisha mpango wa kufundisha upinde mashuleni kwa ushirikiano wa idara ya elimu na idara ya samaki na wanyamapori, na mpango huo ukaenea katika majimbo mengine na nje ya nchi hiyo. Pili, upinde huonyesha waziwazi tatizo ambalo katika masomo mengine hujificha, yaani tatizo la mwalimu kupima matokeo kabla hajafundisha tendo. Makosa ya mkono katika upinde huonekana papo hapo, kwa hiyo mwalimu akiyachunguza huko atajifunza kuyatambua hata mahali yasipoonekana kwa urahisi.

Upinde wa roda ni chombo gani

Upinde wa kawaida tunaujua. Ni ufito mmoja uliopindwa, na upote unaounganisha ncha zake mbili. Kadiri mtu anavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito wake mkubwa humwangukia pale pale anapotaka kutulia ili alenge. Upinde wa roda ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, mkazi wa Missouri, ambaye aliomba hataza yake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Yeye aliweka roda katika ncha za upinde, na ekseli za roda hizo hazikuwekwa katikati. Upote unapovutwa roda huzunguka, na mvuto huongezeka hadi kiasi fulani, kisha hupungua ghafula. Upinde wenye mvuto wa kilo 25 na nafuu ya asilimia 80 humwachia mpigaji kilo 5 tu za kushikilia anapokuwa amefika mwisho. Kwa hiyo ana wasaa wa kutulia.

Wasaa huo ni neema, lakini pia ni mtego. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa chombo kimechukua kazi ya misuli, basi kimechukua na kazi ya kujifunza. Sivyo. Roda hazijui mkono umekaaje, wala hazijui uso uko wapi. Kosa la mkono huliacha chombo kizuri kikipeleka mshale mbali kwa kasi kubwa.

Kwa watoto wa shule, mpango ule wa Kentucky ulichagua upinde wa roda wa namna ya pekee, uitwao Genesis, ambao hauna nafuu hiyo. Mvuto wake waweza kurekebishwa kati ya kilo 4 na nusu na kilo 9, takriban, na kwa kuwa hauna mahali maalumu pa kukoma, mtoto wa mkono mfupi na kijana wa mkono mrefu waweza kuutumia ule ule. Hili ni jambo la hekima katika ufundishaji. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanalijua tangu zamani, kwani mtoto wa kiume wa Kihadzabe huanza na upinde mdogo unaolingana na mwili wake, na upinde hukua pamoja naye. Mtoto anayepewa upinde unaomzidi nguvu hatajifunza kuvuta. Atajifunza kupigana nao, na katika kupigana huko atapotosha bega, shingo na mkono, na upotofu huo utamganda.

Mkono wa upinde

Mtu asiyefundishwa hukamata upinde kama anavyokamata mpini wa jembe. Huzungusha vidole vyote vitano, hukaza ngumi, na huona kwamba kadiri anavyokaza ndivyo upinde unavyotulia. Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Ngumi iliyokazwa haisukumi mbele tu, bali pia husokota. Nguvu ya vidole huupotoa upinde kidogo kushoto au kulia, na upote unapoachiliwa, upotofu ule mdogo huufuata mshale.

Mkono ulio sahihi hauukamati upinde. Huuzuia tu usije nyuma. Mpini hukaa katika panda iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na uzito wote hulala juu ya mnofu ulio chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa ule mstari mkubwa wa kiganja unaouzunguka mnofu huo. Vifundo vya vidole huinama kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, vidole vinalegea, na kidole cha shahada chaweza kugusa mbele ya mpini pasipo kubana. Kisukusuku hugeuzwa nje kidogo ili kigasha kiwe mbali na njia ya upote. Asiyefanya hivyo atachapwa na upote kwenye ngozi, na mtoto aliyechapwa mara moja huanza kuogopa na kukunja mkono kabla ya mshale kuondoka.

Jambo gumu kwa mtoto ni kuamini kwamba upinde hautaanguka. Akili yake humwambia kwamba kitu kisichokamatwa huanguka, na kwa hakika ana haki ya kudhani hivyo. Basi kumwambia “legeza vidole” hakutoshi. Wapigaji wengi huvaa ukanda mdogo unaozunguka kifundo cha mkono na mpini, ili upinde ukiruka mbele baada ya mshale kuondoka uzuiwe na ukanda huo. Mwalimu amwonyeshe mtoto kwa vitendo, aukaze upinde huku mtoto akitazama, kisha aulegeze, na mtoto aone kwa macho yake jinsi mpini unavyogeuka katika namna ya kwanza na unavyotulia katika ya pili. Jambo ambalo mwili unaliogopa haliondolewi kwa amri.

Nanga

Neno nanga lafaa sana hapa. Jahazi likitia nanga haliendi tena na upepo. Katika upinde, nanga ni mahali palepale usoni ambapo mkono unaovuta hufika na kutulia kila mara kabla ya kulenga. Kwa anayeanza na kuvuta kwa vidole, ncha ya kidole cha shahada hugusa pembe ya mdomo. Kwa anayetumia kifyatuo, yaani kile chombo kidogo kinachoshika upote badala ya vidole, vifundo vya mkono hukaa kwenye ukingo wa taya, na upote hugusa ncha ya pua au pembe ya mdomo. Apate mahali pawili pa kugusa badala ya pamoja, kwani pamoja paweza kukosewa bila kujulikana.

Kwa nini nanga ina thamani hivyo? Bunduki ina shabaha mbili juu ya mtutu, moja ya mbele na nyingine ya nyuma, na askari hulinganisha hizo mbili. Upinde wa mtoto wa shule hauna shabaha ya nyuma. Nanga ndiyo shabaha yake ya nyuma. Ikihama, ni sawa na bunduki ambayo kila risasi inapotoka mtu amekwisha kuisogeza shabaha yake. Watu wazima wenye upinde wa roda huweka tundu dogo la kuchungulia ndani ya upote, lakini hata hilo halimfai mtu asiye na nanga, kwa sababu tundu hukaa mbele ya jicho pale tu uso na mkono vinapokutana mahali pale pale.

Katika kufundisha nanga, kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mwalimu aikariri: upote unakwenda usoni, uso hauendi upoteni. Watoto wengi huvuta nusu ya njia, kisha huinamisha kichwa ili kuukutana upote. Mkono unaonekana umetia nanga, kumbe uso ndio uliohama. Kichwa kiwe wima tangu mwanzo, kigeuzwe kuelekea shabaha, kisha kisitikisike. Kazi ya kuuleta upote ni ya misuli ya mgongo iliyo kati ya mabega, wala si ya vidole wala ya kifundo cha mkono.

Hesabu ya nusu sentimita

Mwalimu asiyeona hatari ya nanga inayohama na afanye hesabu ndogo ubaoni. Tuseme kutoka mkia wa mshale hadi mahali mshale unapoegemea kwenye mpini ni sentimita 60, kadiri ya mtoto. Tuseme pia kwamba mbele hapakutikisika, ila nanga ilishuka kwa nusu sentimita tu. Katika sentimita 60 kosa ni nusu sentimita. Kwenye umbali wa mita 10, yaani sentimita 1000, kosa hilo limekua kwa uwiano uleule na kufika sentimita 8 na kidogo. Kwenye mita 15 limefika sentimita 12 na nusu.

Sasa tuitazame shabaha. Shabaha itumikayo katika mashindano ya shule chini ya mpango ule ina kipenyo cha sentimita 80 na duara kumi za alama, na upana wa kila duara ni sentimita 4. Kwa hiyo nusu sentimita usoni ni duara mbili shabahani kwa mita 10, na duara tatu kwa mita 15. Mtoto aliyestahili alama 10 amepata 8 au 7, na hajui sababu. Jicho lake lilikuwa sahihi. Mkono wake wa upinde ulikuwa sahihi. Nusu sentimita, ambayo ni chini ya unene wa penseli, imemnyang’anya. Hesabu hii yaweza pia kuwa somo zuri la uwiano kwa madarasa ya juu, maana wanafunzi hupenda hesabu inayowaeleza jambo waliloliona.

Shabaha ni mwalimu mbaya wa mwanzo

Hapa nafika kwenye kiini cha hoja. Shabaha hutoa alama, na alama hazisemi sababu. Tuchukue wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa na mishale mitano. Wa kwanza mishale yake yote imekusanyika chini kushoto, kila mmoja alama 3, jumla 15. Wa pili amepata 10, 6, 4, 1 na 0, jumla 21. Ubao wa alama unasema wa pili ameshinda. Darasa linampigia makofi kwa ule mshale wa katikati. Lakini ni nani aliyejifunza?

Mwanafunzi wa kwanza amefanya tendo moja mara tano. Mkono wake ni mmoja na nanga yake ni moja. Anachohitaji ni neno moja tu kutoka kwa mwalimu, “lenga juu kidogo, kulia kidogo,” na mishale yake mitano itahamia katikati kwa pamoja. Mwanafunzi wa pili amefanya matendo matano tofauti, na mojawapo likaangukia katikati kwa bahati. Mwalimu hana neno la kumpa, kwa kuwa hakuna kosa moja la kurekebishwa. Tukimsifu huyu na kumlaumu yule, tunafundisha uongo: tunamfundisha wa kwanza kuacha kitu chema alichokwisha kukipata, na wa pili kutumaini bahati.

Tena yapo madhara mengine yasiyoonekana upesi. Mtoto aliyewekwa mbele ya shabaha kabla ya kuwa na nanga huanza kujirekebisha mwenyewe. Mshale umekwenda juu, naye analenga chini. Unaofuata unakwenda chini, naye analenga juu. Haoni kwamba nanga ndiyo inayopanda na kushuka. Anaizoea tabia ya kutibu kosa kwa kosa jingine. Baada ya majuma machache mtoto wa namna hii husema, “Mimi sina jicho,” na huacha. Jicho lake halikuwa na kasoro yoyote. Ameondoka mstarini akiwa na hukumu juu ya nafsi yake ambayo si ya kweli, na aliyeitoa ni mwalimu aliyehesabu alama mapema. Hasara hii ndiyo inayonifanya niandike. Mshale uliopotea huokotwa, lakini mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hawezi ni vigumu kumrudisha.

Hata waliotunga mpango ule wa shule waliliona jambo hili. Waligawa tendo zima la kupiga upinde katika hatua 11, kuanzia kusimama hadi kutafakari baada ya mshale kuondoka. Mkono wa upinde ni hatua ya 4, nanga ni ya 7, na kulenga ni hatua ya 8. Yaani mtoto ana mambo saba ya kutimiza kabla hajaruhusiwa kufikiria shabaha. Mwalimu anayeanza na shabaha ameanza na hatua ya nane, kisha anashangaa kwa nini jengo halisimami.

Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ambayo yastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba watoto watachoka. Nani atakayefurahia upinde usio na shabaha? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na jibu lake si kuwanyima watoto mshale. Mtoto apige mshale, tena mapema, lakini apige kwa umbali wa mita 3 au 4, kwenye ukuta mpana wa majani yaliyoshindiliwa, usio na duara wala rangi. Mshale utaruka, utalia, na utachoma. Furaha ya tendo imebaki. Iliyoondolewa ni hukumu. Wapo hata wapigaji mabingwa wanaorudia zoezi hili wanapotaka kusafisha mikono yao.

La pili ni kwamba kudai mkono uwe hivi na nanga iwe hivi ni kuwafanya watoto wote kuwa sanamu moja. Hili ni pingamizi zito zaidi, na wanaostahili kulijibu ni wapigaji wasio na mikono. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Huushika upinde wa roda kwa mguu, huuvuta kwa nguvu ya mguu na ya bega, na hufyatua kwa taya. Alipata medali ya fedha katika Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012, na ya dhahabu Paris mwaka 2024. Sheetal Devi wa India, ambaye naye alizaliwa bila mikono, alipata medali ya shaba huko huko Paris pamoja na Rakesh Kumar akiwa na umri wa miaka 17, naye pia hupiga kwa mguu, bega na taya.

Watu hawa hawana kiganja cha kuweka panda ya kidole gumba, wala kidole cha shahada cha kugusa pembe ya mdomo. Hata hivyo wana mkono wa upinde na wana nanga, kwa maana wana mahali pamoja pa kuuzuia upinde na mahali pamoja pa kutulia, nao hupafikia kila mara. Wao wanatufundisha kutenganisha kanuni na umbo lake. Kanuni ni uthabiti, na umbo hutegemea mwili. Mwenye shavu pana na mwenye uso mwembamba hawatagusa mahali pamoja, na mtoto ambaye jicho lake la kushoto ndilo lenye nguvu zaidi huenda akafaa kuushika upinde kwa mkono wa kulia ingawa huandika kwa mkono huo huo. Mwalimu asiulize, “Je, umefanana na mimi?” Na aulize, “Je, umefanana na wewe mwenyewe wa mshale uliopita?”

Namna ya kulipanga somo

Napendekeza ufundishaji ufuate hatua nne. Katika hatua ya kwanza hapana upinde. Kila mtoto ana kamba iliyofungwa kuwa kitanzi chenye urefu unaolingana na mkono wake. Huisukuma kwa mnofu wa kidole gumba upande mmoja, huivuta kwa vidole vitatu upande wa pili, na hufika nanga. Kamba haigharimu kitu, na darasa la watoto 60 laweza kufanya kazi wote kwa pamoja, wakati pinde ni chache. Tena kamba huondoa hatari kubwa. Upinde wenyewe usivutwe na kuachiliwa bila mshale hata mara moja, kwa sababu nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi kwenye upinde, na upinde waweza kupasuka mikononi mwa mtoto.

Katika hatua ya pili watoto hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anavuta kamba, mwingine anatazama mambo matatu tu: vidole vya mkono wa upinde vimelegea? kichwa kimetulia? kidole kimegusa mahali palepale? Kisha wanabadilishana. Mtazamaji hujifunza kama mtendaji, na pengine zaidi, maana kosa la mwenzetu tunaliona kabla ya letu.

Hatua ya tatu ni upinde, mshale na ukuta usio na shabaha, kama nilivyoeleza. Hapa mwalimu aiweke nidhamu ya mstari kabla ya yote. Katika mpango wa shule za Marekani filimbi mbili huwaita wapigaji mstarini, moja huwaruhusu kupiga, tatu huwaruhusu kwenda kuchukua mishale, na mlio wa tano au zaidi humaanisha wote wasimame mara moja. Asiwepo mtu mbele ya mstari maadamu kuna upinde mkononi mwa mtu yeyote.

Hatua ya nne ni shabaha. Na hata hapo, kwa siku za kwanza, mwalimu apime mkusanyiko wa mishale kabla ya alama. Mtoto apime kwa rula umbali kati ya mishale yake miwili iliyoachana zaidi, aandike katika daftari, na juma lijalo ajilinganishe na nafsi yake. Alama zitakuja baadaye, na zikija zitasema kweli.

Hitimisho

Sidai kwamba shule zetu zinunue pinde za roda. Nadai kwamba mwalimu wa msingi ana pinde nyingi darasani mwake bila kujua. Mtoto wa darasa la kwanza anaposhika penseli kwa ngumi, anapoubana mkono hadi kucha zinageuka rangi, anapolaza kichwa juu ya daftari ili jicho liifuate kalamu, ana kosa lile lile la mkono wa upinde na la nanga. Nasi mara nyingi tunaitazama herufi iliyopinda, tunaitia alama ya mkasi kwa wino mwekundu, na kusonga mbele. Herufi ile ni mshale uliokwisha kuondoka. Chanzo chake ni vidole, kifundo, kiti na kichwa, na hivyo vyote vilikuwa mbele ya macho yetu kabla penseli haijagusa karatasi.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, jaribu jambo hili kwa juma moja. Unapopita kati ya madawati, utazame mkono wa mtoto kabla ya kuutazama ukurasa wake. Katika andalio lako la somo, palipo na nafasi ya tathmini, andika tendo utakalolitazama kabla ya kuandika jibu utakalolisahihisha. Mtoto aliyekosa apate kuambiwa kosa lilianzia wapi, asiambiwe tu kwamba amekosa, kwani hilo la pili amekwisha kuliona mwenyewe.